Gari la moshi la Bububu

Bububu, Unguja

Shoga yangu Maryam,

Asalaam aleikum. Sisi hapa wazima, alhamdulillahi, ila mama goti bado linamsumbua. Anakusalimu sana.

Barua yako ya Wales nimeisoma mara tatu. Pale uliposimulia reli ya Talyllyn, mwili ulinisisimka: machimbo ya mawe ya kuezekea, ambayo reli ilijengwa kwa ajili yake, yakafungwa mwaka 1946, mwenye reli akafariki 1950, na mwaka uliofuata wakatokea watu wa kujitolea tu, wasiolipwa hata senti, wakasema haifi. Reli imefunikwa na majani, mataruma yameoza, nao wakaishika hivyo hivyo. Na vile vichwa viwili vya gari la moshi vya miaka ya 1860 mpaka leo vinavuta abiria! Ungeniona nilivyokuwa nakuonea wivu, wewe umekaa behewani unapandishwa bondeni, moshi unakupita dirishani.

Lakini kilichonitoa machozi ni ule urefu. Kilomita 11 na ushei, unasema. Maryam, ndiyo reli yetu hiyo! Maili saba, Ngome Kongwe ya mjini hadi hapa Bububu. Kampuni ya Kimarekani iliijenga mwaka 1905, serikali ikainunua 1911, na miaka ya 1920 ikaacha kuchukua abiria. Bibi alikuwa akitwambia kwamba mama yake, kila gari likipita, humziba mtoto masikio kwa upande wa kanga. Hilo tu ndilo lililobaki kwetu, upande wa kanga.

Wanafunzi wangu hushikilia kwamba Bububu imepata jina kwa mlio wa gari. Nawarudisha kila mwaka: Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alikaa Bububu miaka ya 1860. Reli ilikuwa bado miaka arubaini! Hata ile ya Sultani Seyyid Barghash ya kwenda Chukwani, iliyoanza kwa kukokotwa na nyumbu, ilikuwa haijazaliwa.

Juzi nilipanda daladala ya 502 kutoka mjini, nikakaa dirishani makusudi. Mtoni, Kibweni, mpaka nikashuka nyumbani, macho yangu chini. Sikuona hata kipande cha chuma. Kuirudisha haiwezekani, najua, pamejaa nyumba na barabara. Lakini njia yake naitaka. Nataka watoto waitembee kwa miguu kutoka Ngome Kongwe, wapige hodi kwa wazee, waandike kila walichosikia kwa wazazi wao, kwa sababu wazee wenyewe wanatutoka mmoja mmoja.

Basi nakuomba kitu. Ukienda tena Tywyn, inakoanzia reli ya Talyllyn, ingia yale makumbusho ya reli pale kituoni, uwaulize kama wana picha yoyote ya gari la Bububu. Na uwaulize wale watu wa kujitolea siku ya kwanza kabisa walianza na kazi gani. Niandikie yote, usinifupishie.

Wasalaam,
Shogayo Zuhura