Godoro si kinga ya joto: tunachofanya kwenye kabini ya lori lako

Lalamiko kuhusu kazi yetu ya kupunguza joto na kelele kabini ni lilelile: "Mmenibandikia makaratasi ya fedha chini ya kapeti, halafu bei kama nanunua tairi." Safari hii limetoka kwa mwenye Scania 113 anayekwenda Tunduma, na amekuja na bei ya fundi mwingine, chini ya nusu ya yetu. Tunamjibu hapa ili wengine nao wasome.

Scania hiyo, kama Fuso, dereva ameikalia injini. Ukipanda mlima Kitonga na mzigo, manifoldi (bomba linalokusanya moshi wa injini) na tabo (turbo, inayoendeshwa na moshi huohuo) zinawaka chini ya miguu yako. Kelele nazo zina njia mbili. Bati linatetemeka kama ngoma, na sauti inapenya popote hewa inapopita: raba ya gia iliyochanika, matundu ya nyaya, vizibo vya sakafu vilivyodondoka. Bila kuziba hayo, ubandike unachotaka, hela imepotea.

Zile "karatasi" ni raba nzito ya butili, inayonata, yenye foili ya fedha juu. Kazi yake ni kulituliza bati, siyo kuzuia joto. Foili hiyo ikibanwa kati ya bati na kapeti bila nafasi ya hewa, hairudishi joto. Joto tunalizuia kwa ngao ya alumini upande wa tabo, tukiacha nafasi ya hewa kati yake na bati, na ndani kwa povu lisilonyonya maji. Milangoni na kwenye paa hatubandiki kila mahali. Robo hadi nusu ya bati inatosha, tena inakupunguzia gharama.

Pesa yako nyingi inakwenda kwenye kazi usiyoiona: kutoa siti, kukwangua gundi ya zamani, msasa, kuchomelea viraka palipoliwa na kutu, praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), kusubiri ikauke. Raba ikibandikwa juu ya kutu au grisi itabanduka, hata ungeagiza ya bei gani.

Sasa hilo godoro tulilolitaja juu, ambalo wengine hulitumia kama njia ya bei rahisi. Tuliletewa Fuso iliyotandikwa sponji la godoro sakafu nzima. Kioo cha mbele kilikuwa kinavuja, sponji likayanywa maji, na dereva hakujua mpaka siti ilipoanza kucheza. Tulipofunua, bati lilikuwa linameguka kwa vidole, na upande mmoja sponji limelowa dizeli, hatua chache tu kutoka kwenye ekzosi. Sponji hilo likishika moto halizimiki kirahisi na moshi wake ni sumu. Tajiri mwenye lori alilipa sakafu mpya, kisha akalipa kazi yetu ileile aliyoikwepa. Mwingine alibandika lami ya kuezekea kwenye paa. Jua la Dodoma likaiyeyusha, ikamdondokea dereva shingoni.

Kabini yako haitakuwa kimya kama gari dogo, na hatumwahidi mtu hivyo. Utaweza kuongea na utingo bila kupiga kelele, na kukanyaga sakafu bila kuungua.

Kabla ya kuleta lori, badilisha raba za kushikilia injini kama zimekwisha, na ziba oili na dizeli zinazovuja. Likija linavuja, tunalirudisha kwa fundi injini kwanza.