Mheshimiwa Waziri, hii nyama ni ya mnyama gani?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kaunti anayesimamia Mifugo,
Kaunti ya Mombasa.

Assalaam aleikum.

Mimi ni muuza vyakula vya mifugo huku Kisauni. Nauza chakula cha kuku, pumba, chumvi ya ng'ombe, na chakula kikavu cha mbwa, cha mfuko na cha kupima. Zamani wateja wangu wengi waliwapikia mbwa sima na mapafu ya bucha. Siku hizi wanataka hiki kikavu, maana hakina haja ya makaa wala gesi. Sina neno nacho. Kinachoniuma ni kuuza kitu nisichoweza kumweleza mteja kimetengenezwa kwa nini.

Juzi alinijia mzee mmoja anayelinda nyumba Bamburi. Alitia mkono kwenye gunia, akatoa vile vidonge vya kahawia, akavinusa. "Mwanangu, hii nyama ni ya mnyama gani?" Nikaligeuza gunia nikamsomea: nafaka, nyama na mazao ya wanyama, mafuta, madini. Basi. Mzee ni Mwislamu, mbwa anamlisha yeye kwa mkono wake kila magharibi, na alichotaka kujua ni kama humo mna nguruwe. Sikuwa na la kumjibu. Alivirudisha vile vidonge guniani, akaenda bombani kunawa, akaondoka bila kununua.

Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Marekani, ambako maana za maneno haya zimeandikwa na AAFCO, chama cha maafisa wanaosimamia vyakula vya mifugo, neno "nyama" likiwekwa peke yake laweza kuwa ng'ombe, nguruwe, kondoo au mbuzi. Asiyetaja mnyama hajavunja kanuni. Ila mzee wangu wa Bamburi hajasaidika.

Hata mimi limenifika. Mbwa wangu Simba alianza kujikuna mpaka tumbo likabaki halina manyoya. Daktari wa mifugo alishuku kuwa kuku ndiye anayemdhuru, akaniambia nimwepushe naye kabisa kwa wiki nane. Nikachukua mfuko ulioandikwa "samaki" kwa herufi kubwa, wenye picha ya samaki. Siku ya kumi Simba alikuwa amejichubua upya. Nilipousoma mgongo wa mfuko kwa miwani, kwa maandishi madogo kama chawa, nikakuta "unga wa kuku" mstari wa pili. Kwa kanuni hizo hizo za Marekani, chakula kikisema tu "chenye samaki", samaki wa asilimia 3 anatosha. Kikisema "ladha ya samaki", hata hicho kiasi si lazima, bora ladha itambulike.

Kuna jambo jingine ambalo wateja hawalijui, na mimi nimejifunza kwa kuulizauliza. Viungo hupangwa kwa uzito, kizito zaidi mbele, lakini uzito huo ni wa kabla ya kupikwa. Mheshimiwa anamjua papa mbichi na papa mkavu: kilo kumi za papa mbichi ukizianika hazibaki kumi. Kuku naye ni hivyo hivyo. Kuku mbichi ana maji kama asilimia 70, kwa hiyo kilo kumi zake zikishakauka hubaki kama tatu. Unga wa kuku, yaani kuku aliyepikwa akakamuliwa mafuta na maji kisha akasagwa, una maji kama asilimia 10 tu. Ndiyo maana mfuko wenye "kuku" mstari wa kwanza unaweza kuwa na kuku mchache kuliko wenye "unga wa kuku" mstari wa pili. Mteja analipa zaidi kwa ule wa kwanza, akidhani amemfanyia mbwa wake hisani.

Na ile namba ya protini iliyoandikwa kwenye mfuko haitaji protini hiyo ilikotoka. Kipimo cha kawaida hupima naitrojeni, kemikali iliyomo ndani ya protini, siyo nyama. Mwaka 2007 mbwa na paka walikufa Marekani kwa figo kuharibika, baada ya melamini, kemikali ya kiwandani yenye naitrojeni nyingi, kutiwa kwenye protini ya ngano iliyotoka China, ili kipimo kionyeshe protini nyingi.

Sisemi mazao ya wanyama ni uchafu. Maini, figo, bandama, mapafu, mbwa huyala kwa raha na yanamfaa; sisi wenyewe tunapika matumbo. Mradi yatajwe: maini ya ng'ombe, mapafu ya mbuzi.

Mheshimiwa, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti kazi ya leseni za mbwa, leseni za biashara na uuzaji wa haki. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa. Naomba leseni ya duka kama langu iwe na sharti: chakula cha mbwa kisiuzwe bila jina la mnyama, sehemu iliyotumika, na kama ni nyama mbichi au unga, kwa Kiswahili kinachosomeka bila miwani. Kile cha kupima, lebo yake ibandikwe kando ya mzani na tarehe ya kufunguliwa gunia. Joto na unyevu wa huku pwani hauna huruma. Gunia likikaa wazi wiki mbili tatu, mafuta huanza kuchacha, na harufu yake naijua hata kabla sijafungua mlango asubuhi.

Sharti hilo litanigharimu. Kuna magunia nitalazimika kuyarudisha, na kuna wauzaji wa jumla watakaoninunia. Niko tayari kuwa wa kwanza kukaguliwa. Nafungua saa mbili asubuhi, Jumapili saa nne. Afisa wako akija, nitamtolea magunia yote manne niliyo nayo sasa, anionyeshe lipi ningemwambia yule mzee halina nguruwe.

Wako,
Muuza vyakula vya mifugo, Kisauni