Barua ya wazi kwa Afisa Michezo wa Wilaya: mtoano usianze raundi ya kwanza

Ndugu Afisa Michezo,

Salaam. Mimi ni kocha wa moja ya timu 16 za kata zinazoshiriki kombe la vijana la wilaya yetu. Kabla droo ya mwaka huu haijapangwa, nakuomba mtoano, yaani ukifungwa unatoka, uanzie robo fainali badala ya raundi ya kwanza.

Najua kwa nini mnaupenda. Timu 16 kwa mtoano ni mechi 15 tu: bingwa kapatikana, marefa wamelipwa, kazi imekwisha. Ligi ya kila timu kukutana na kila timu ingefika mechi 120, na hiyo hata mimi siiombi, masika ingetukuta katikati.

Lakini nusu ya timu zinaaga baada ya mechi moja. Vijana wanachangishana nauli ya Fuso, wanaazima jezi kata ya jirani, wanafika saa nane na vumbi hadi kwenye kope. Sare, penalti, kipa anateleza, basi. Kesho yake ukiitisha mazoezi wanakuuliza: ya nini tena, kocha?

Tugawe makundi manne ya timu nne nne. Hizo ni mechi 24. Mbili za juu kila kundi zikiingia robo fainali, jumla inakuwa 31, na kila timu ina uhakika wa mechi tatu. Kufungwa siku moja si kufa. Ivory Coast walichapwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, tena nyumbani kwao, kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, iliyochezwa mapema 2024. Wakamfukuza kocha, wakapenya kama mmoja wa washindi wa tatu bora wa makundi, na Februari wakabeba kombe. Kwa utaratibu wetu kufungwa mara moja tu kungewatoa.

Mwaka ambao timu zitapungua hadi 12, tafadhali msigawe tatu tatu. Siku ya mwisho timu moja inakaa jukwaani huku mbili uwanjani zinajua matokeo gani yanazifaa zote. Kombe la Dunia 1982, mjini Gijón, Hispania, Ujerumani Magharibi waliifunga Austria bao moja mapema, kisha wakapasiana mpira hadi filimbi ya mwisho. 1-0 iliwavusha wote wawili na kuitoa Algeria, iliyokuwa imemaliza mechi zake siku moja kabla. Tangu 1986 mechi za mwisho za kundi zinachezwa kwa wakati mmoja. Nasi tufanye hivyo: kundi moja kwa siku, mechi moja uwanja mkubwa, nyingine uwanja wa shule. Na timu zikilingana pointi, kanuni iseme mapema tunaanza na tofauti ya mabao au walipokutana wenyewe. Mwaka jana tulibishana mezani kuhusu kanuni ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

Fedha najua itakuwa tatizo. Mechi 16 zaidi ni posho 16 zaidi za marefa. Ikishindikana kabisa, basi timu nane zitakazotolewa raundi ya kwanza zipewe mtoano wao wenyewe. Ni mechi saba za nyongeza, jumla 22, na hakuna atakayepanda Fuso kwa mechi moja.

Makocha tunaomba kikao kabla ya droo. Jumamosi asubuhi ingetufaa, jioni tuko mazoezini.

Wako katika michezo,
Kocha wa timu ya kata