Msaada wa kisheria uwe na fungu lake katika halmashauri

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo wa kumlipa wakili, jambo ambalo sisi wa Mtwara na Lindi hulihitaji zaidi msimu wa korosho unapowadia.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilifanya jema ilipowatambua wasaidizi wa kisheria, watu tunaoishi nao vijijini, ambao hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani lakini hutoa elimu na kumwelekeza mlalamikaji pa kupeleka shauri lake. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, nayo imewafikia wengi, na kwa hilo naishukuru Serikali. Hata hivyo kampeni huja ikapita, na fedha za wahisani zina ukomo, ilhali migogoro yetu hurudi kila mwaka.

Chukulia mjane aliyeachiwa shamba la mikorosho. Wakati wa palizi hakuna anayemuuliza. Korosho zikianza kudondoka, shemeji hutokea na karatasi iliyochanwa kwenye daftari, yenye alama ya dole gumba, akidai kuwa marehemu aliiweka mikorosho hiyo rehani. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata limebaki na kazi ya kusuluhisha tu, hivyo wasipopatana mama huyo hana budi kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, akiwa na maombi ya maandishi, vielelezo na mashahidi. Ikiwa msaidizi wa kisheria wa kata yake amekwisha kuacha kazi hiyo kwa kukosa hata nauli, atakwenda peke yake, au atakubali yaishe na kugawana mazao yake mwenyewe. Hili la pili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu haliandikwi katika jalada la baraza lolote.

Halmashauri zetu hukusanya ushuru wa mazao kutokana na korosho hizo hizo. Tayari zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa hiyo kutenga fungu kwa kusudi maalumu si jambo geni kwao. Napendekeza fungu dogo la kudumu la kulipia nauli, posho, shajala na mafunzo ya wasaidizi wa kisheria wa kila kata, likaguliwe kama fedha nyingine za umma. Na kwa kuwa bei ya korosho hupanda na kushuka, Wizara ya Katiba na Sheria ifidie pengo katika mwaka ambao ushuru umepungua, ili huduma isikatike.

Nawaomba madiwani wa mikoa hii miwili waliingize fungu hilo katika bajeti ijayo, kabla msimu mwingine haujaanza.

Msomaji wako,
Newala, Mtwara