Risala ya Wanafunzi wa Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Shule, Mombasa

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, asalaam aleikum na hamjambo. Karibu sana shuleni kwetu. Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kutazama kazi za mikono yetu.

Mheshimiwa, kazi zote zilizomo ukumbini zimetokana na vitu vilivyokwisha kazi: ndara zilizokatika, vizibo vya soda, minyororo ya baiskeli, nyavu zilizochakaa. Vingi tuliviokota ufuoni maji yalipotoka. Vingine tulipewa na mafundi wa gereji na kina mama wa soko la Kongowea.

Tunaomba usimame kidogo mbele ya ndege yangeyange aliye karibu na mlango. Ni mbuzi ya kukunia nazi, iliyowekwa kando na bibi ya mwenzetu meno yalipokwisha. Ulimi wa chuma umekuwa shingo, duara lenye meno limekuwa kichwa, na mbao zake zimekuwa mwili. Tuliongeza msumari wa mdomo na vipande viwili vya nondo kuwa miguu, basi. Baadhi yetu walitaka apakwe rangi nyeupe. Tulibishana sana, tukaamua abaki na rangi yake ya mbao iliyokolea tui, kwa sababu ukimpaka rangi mbuzi inapotea, na mtazamaji hapati ule mshangao wa kuona vitu viwili mahali pamoja. Kwetu sisi, sanaa yenyewe ipo hapo.

Mwaka 1942 msanii Mhispania Pablo Picasso aliunganisha kiti cha baiskeli na usukani wake, vikawa kichwa cha fahali. Kila mtu anamwona fahali, na kila mtu anaiona baiskeli. El Anatsui, msanii mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, huponda vifuniko vya chupa za pombe na kuviunga kwa waya wa shaba hadi vikafunika ukuta mzima, vikilegea na kukunjana kama kitambaa. Mwaka 2015 alitunukiwa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake. Samaki wetu kolekole, aliyeundwa kwa vizibo, amefuata njia hiyo, na ametufundisha adabu: kizibo kisipopondwa kikalala kabisa, hukata waya, kikitobolewa karibu mno na ukingo, huchanika.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali. Huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walijenga jahazi la Flipflopi, lenye urefu wa mita 9, kwa tani zipatazo 10 za plastiki iliyookotwa, wakalivika ndara zipatazo 30,000. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Unguja. Na kabla ya hapo, babu zetu walifanya koroboi kwa makopo, na watoto wa pwani walichonga vishua vya ndara wakavipeperusha kwa matanga ya mifuko. Ujuzi huu ni wa kwetu. Inatuuma unapochukuliwa kuwa mchezo wa watoto wasio na pesa za kununulia rangi.

Mheshimiwa, matatizo hayakosi. Hatuna chumba cha kazi. Tunafanyia kazi chini ya mwembe, na vyuma vikilala nje hewa ya chumvi huvila kwa kutu kabla kazi haijakamilika. Visu vya kuchongea ndara ni vichache, kwa hiyo wengi husubiri zamu hadi kengele ikalia.

Tunaomba utusaidie kupata banda lenye paa na milango ya kufunga, pamoja na koleo, misumeno, msasa na gundi. Pili, tunaomba mafundi wa jua kali na wa majahazi waalikwe kutufundisha, nao walipwe kama walimu. Tatu, tunaomba utusemee ili kazi zetu zipate nafasi mjini, mahali wanapopita watu wa kawaida wakienda sokoni na kazini.

Sasa tunakukaribisha ukumbini. Kila kazi ina mwenyewe amesimama kando yake, tayari kukueleza ilikuwa nini.

Ni sisi watiifu wako,
Wanafunzi wa Klabu ya Sanaa