Nendeni Februari: barua ya wazi kwa wenzangu wa Uyole mnaotaka kuhamia Pwani

Wadogo zangu na wanangu, walimu na wauguzi wa Uyole, Iyunga na Tukuyu, huku Mbeya, mliobakiza mwaka mmoja au miwili kazini,

Nawasalimu. Jumapili mlipokuja kunijulia hali mlinieleza kwamba kikundi chenu kimepata ekari za kununua pamoja ufukweni Lindi, mkanionyesha picha kwenye simu. Nilizitazama nikanyamaza, kwa kuwa mlikuwa na furaha na sikutaka kuwakatisha. Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Nimeona niandike, tena niandike wazi, ili na walioko Njombe na Iringa wenye mpango kama wenu wasome.

Siwaambii msiende. Baridi ya Mbeya naijua. Nimekuwa mkunga wa zamu za usiku miaka mingi, na Juni upepo unaposhuka kutoka mlima Loleza vidole hufa ganzi hata kushika bomba la sindano ni kazi. Marehemu mume wangu baridi yabisi ilimshika magotini kabla hajafika miaka sitini. Tulipohamia Lindi, haikuisha miezi mitatu akaiweka fimbo nyuma ya mlango, akawa anakwenda sokoni kwa miguu kununua samaki changu. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Kosa letu lilikuwa mwezi. Tulikwenda kutazama kiwanja mwezi wa Julai, mwaka 2015. Julai upepo wa kusi unavuma, jioni unatafuta shuka, na mtu aliyetoka kwenye baridi yetu anajiona amefika peponi. Tulikaa siku nne, tukalipa. Novemba tukahamia. Januari na Februari zikatukuta ndani ya nyumba ya bati isiyo na dari. Hewa inasimama, jasho halikauki, usiku unaoga mara tatu na bado godoro linalowa. Sisi tumezoea Mbeya, mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwili haujifunzi joto lile kwa wiki mbili. Mimi nilikuwa natumia vidonge vya presha, vile vya kukojosha maji. Asubuhi moja nikapata kizunguzungu nikaanguka bafuni, kwa sababu jasho na vidonge vilikuwa vinanikausha kwa pamoja. Nilikuwa nawafundisha wagonjwa jambo hilohilo miaka yote. Kila mwenye presha au sukari kati yenu amwone daktari wake kabla ya kuhama, amweleze anahamia wapi, amwombe apitie upya dawa zake.

Malaria nayo msiidharau. Kwetu huku juu ni chache, lakini Lindi na Mtwara ni katika mikoa inayosumbuliwa nayo sana, na mtu aliyeishi kwenye baridi miaka hamsini hana kinga aliyonayo mwenyeji wa Mikindani. Homa ikianza, pimeni siku hiyohiyo. Msimeze panadol mkangoja kesho.

Sasa niirudie ile picha. Mawimbi yanakaribia kabisa kigingi cha kwanza, na mlifurahi kwamba mtalala mkisikia bahari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 hairuhusu ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kwa hiyo sehemu ya ekari mnazolipia hamtajenga kitu juu yake, na muuzaji sidhani kama amewapunguzia bei kwa hilo. Pili, mlisema karatasi imegongwa muhuri na mwenyekiti wa kitongoji. Kama ni ardhi ya kijiji, Sheria Na. 5 ya 1999 inaiweka mikononi mwa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, na mwenyekiti wa kitongoji hawezi kuigawa peke yake. Ombeni muhtasari wa kikao, kisha mmoja wenu aende ofisi ya ardhi ya halmashauri ya wilaya akaulize eneo lile limepangwa kuwa nini. Na kila mtu awe na hati yake. Ekari kumi kwa jina la mwenyekiti wa kikundi, akifariki, mtakutana na watoto wake mahakamani.

Kuhusu maji nitawaambia jambo ambalo hakuna aliyeniambia mimi. Kisima cha karibu na bahari usikionje baada ya masika. Kionje Oktoba au Novemba, kiangazi kikiwa kimekaza. Chetu kilikuwa kitamu Mei, na kufikia Novemba maharage hayaivi na sabuni haitoi povu. Tukawa tunanunua maji ya kunywa kwa madumu. Tofali nazo: fundi alichota mchanga ufukweni, palepale, kwa kuwa haulipiwi. Chumvi ikaingia kwenye nondo, na mwaka wa tatu plasta ikaanza kubanduka kwa vipande na kutu kutokeza ukutani. Agizeni mchanga wa mtoni hata kama lori ni ghali, na bati nunueni nene. Upepo wa chumvi unakula bati jembamba kama mchwa.

Linaloniuma zaidi ni hospitali. Mtwara leo wana Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Lindi kuna Sokoine, na ndani kidogo, njia ya Masasi, kuna Ndanda ya wamisionari. Lakini moyo wa mume wangu ulipoharibika, mwaka 2021, tuliambiwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 za barabara. Alirudi, akaishi wiki tano. Kumleta nyumbani Tukuyu kuzika, tulipita Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Makambako, mchana kutwa na usiku kucha, mimi nimekaa pembeni ya jeneza. Kwetu mtu hulazwa kwenye migomba ya baba yake, na sikuwa tayari kumwacha kwingine. Kaeni na wenza wenu na watoto, mliseme hili sasa mkiwa wazima: mtazikwa wapi, na nani atalipa gari. Sisi hatukuwa tumelisema.

Na barabara yenyewe inakatika. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, mvua ilivunja barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi upande wa Kilwa na magari yakakwama. Jirani yangu wa zamani alinipigia simu akiwa na mama mgonjwa aliyekuwa apelekwe Dar. Fikirini mgonjwa yule ni wewe.

Mtaniuliza, sasa wapi? Bagamoyo ni karibu na Muhimbili na ndugu wengi tayari wako Dar, ila bei ya viwanja imepanda na mkupuo wa kustaafu wa mwalimu utaishia kwenye msingi. Tanga naipenda kuliko yote kwa utulivu na Hospitali ya Bombo, lakini kwa basi kutoka Mbeya ni safari ya kuchosha magoti ambayo ndiyo mnakwenda kuyaponya. Pangani ni nzuri kwa macho. Kwa anayetaka kuhamia kusini kweli, ningechagua Mtwara mjini kuliko Lindi vijijini, kwa ajili ya Mitengo tu.

Na wale ambao shida yao ni baridi peke yake, kwa nini mnaipita Kyela? Ziwa Nyasa haliko hata mita 500 juu ya usawa wa bahari, Matema kuna joto na mchanga na samaki, kuna embe na mpunga, na ukiugua asubuhi mchana uko Hospitali ya Rufaa Mbeya. Mbu wapo, mafuriko ya masika yapo, hilo silifichi. Lakini msiba ukitokea Tukuyu unafika kabla ya maziko.

Mwalimu mmoja kati yenu alisema ataanzisha mradi wa nguruwe kule, kama huu alionao Uyole. Mwanangu, usifanye hivyo. Majirani zako watakuwa Waislamu, watu wakarimu mno. Mwezi wa Ramadhani walikuwa wanatuletea futari bila kuuliza tunasali wapi. Ukiweka banda la nguruwe uani, umewafungia mlango wako mwenyewe. Fuga kuku. Nenda kwenye misiba yao hata kabla hujawajua majina. Sisi wa huku tuna tabia ya kujenga ukuta kwanza, kisha ndipo tunawatafuta majirani. Pale Lindi ukuta wetu ulituchelewesha mwaka mzima kupata mtu wa kubisha hodi.

Mkupuo wenu utaingia benki mara moja tu, na baada ya hapo ni pensheni ya mwezi. Ndiyo maana nawasihi msilipe hizo ekari mwezi huu, hata muuzaji akisema kuna mteja mwingine.

Nyumba yangu ya Lindi bado ipo. Ina vyumba vitatu, plasta nimeirekebisha, mpangaji anatoka Desemba na sitaweka mwingine. Funguo ziko kwangu hapa Uyole. Nendeni Februari, wawili wawili na wenza wenu, kila wawili wiki tatu, bila kulipa kodi. Wengine mwende Aprili mvua ikiwa imeshika. Bebeni vyandarua na vidonge vyenu vya mwezi mzima, na mwisho wa barabara, nyumba yenye mwembe, mwulizeni mama anayeuza vitumbua awaonyeshe kisima chake.