Risala ya Wapiga Dramu Wastaafu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kumkumbuka Ginger Baker

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, viongozi wa dini, wazee wetu wa bendi na familia zenu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kufika. Wageni rasmi wawili waliokutangulia walituma wawakilishi. Wewe umekuja mwenyewe, na wazee hawa wameliona hilo.

Wapo wanaotuuliza kwa nini wazee wa Dar es Salaam tunakutana kila tarehe 6 Oktoba kumkumbuka mpiga dramu Mwingereza. Ginger Baker alifariki siku hiyo mwaka 2019, akiwa na miaka 80. Wengi wetu tulianza dramu kwenye bendi za vijana za miaka ya sabini, tukipiga roki kabla ya kuhamia kwenye dansi, na santuri za bendi yake ya Cream ndizo zilizotufundisha. Tulikuwa tunarudisha sindano mpaka santuri inakwaruza, tukitafuta mguu wake wa kushoto unafanya nini. Yeye alikuwa na dramu kubwa mbili za miguu. Sisi tulikuwa na moja, nayo ya kuazima.

Alizaliwa Lewisham, London, mwaka 1939, na vita vikamchukua baba yake akiwa bado mtoto mdogo. Alikuwa akishindana mbio za baiskeli kabla ya kushika fimbo za dramu. Mpiga dramu wa jazi, Phil Seamen, alimsikilizisha santuri za wapiga ngoma wa Kitutsi. Kwa hiyo, Mheshimiwa, kile tulichokitafuta kwenye santuri ya London kilikuwa kimetokea kwa jirani zetu wa Maziwa Makuu. Cream ilianza mwaka 1966 na kuvunjika mwaka 1968. Mwaka 1971 Baker alivuka Sahara kwa gari hadi Lagos, akapiga na Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, akajenga studio huko huko Lagos, eneo la Ikeja. Baadaye alilima mizeituni Italia na kufuga farasi wa polo Afrika Kusini.

Kikundi chetu nacho, tangu kianzishwe mwaka 2020, kimepiga hatua za kupigiwa mfano. Tumefundisha vijana 11, wawili kati yao sasa wanapiga dramu kwenye kwaya zao. Tumefungua akaunti ya benki. Tumenunua viti 30 vya plastiki, ndivyo mlivyokalia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba usikivu wako wote.

Nyimbo nyingi za Cream ziliandikwa kwa jina la Jack Bruce, mwimbaji na mpiga besi wa bendi hiyo, na mshairi Pete Brown. Baker, aliyezipa mwendo, hakuhesabiwa kuwa mtunzi wa nyimbo hizo, na mirabaha yake ya utunzi haikumfikia. Alilalamikia jambo hilo mpaka uzeeni. Sisi hatukufika hata hapo pa kulalamikia mirabaha. Tulilipwa usiku kwa usiku, na usiku ambao mlango haukuingiza watu hatukulipwa. Hakuna aliyetukatia pensheni.

Baker alipozeeka viungo vilimuuma, mapafu yalichoka, masikio yalikuwa mazito. Mwaka 2016 alitangaza kwamba moyo umemzuia kupiga, na mwaka huohuo akafanyiwa upasuaji. Ndiyo maana tunamtaja leo. Maradhi yake ndiyo yetu, ila upasuaji hatuna. Katika safu ya mbele yupo mzee aliyekaa miaka thelathini ubavuni mwa tasa la shaba la dramu. Sikio la kushoto halisikii tena, na mkewe ndiye anayemwambia daktari amesema nini. Yupo mwingine ambaye nyonga imekataa. Mwezi Machi tulichangishana kumlipia vipimo, fedha zikaishia kwenye vipimo, dawa hatukuifikia.

Tunaomba bima ya afya, Mheshimiwa. Ombi hili si geni. Mwaka juzi, katika ukumbi huu huu, tuliahidiwa kukatiwa bima kabla mwaka haujaisha. Tukaambiwa tulete majina. Tukapeleka majina 27 na picha mbili mbili za pasipoti, kila mzee akijilipia. Baada ya miezi minne ofisi iliyopokea ikatujulisha kwamba faili halionekani. Tukapeleka upya, majina 25. Mwaka jana tukaahidiwa tena, tukapiga makofi, tukapigwa picha. Leo tuko 23. Orodha ya kwanza ninayo hapa mkononi, majina manne yamepigwa mstari. Hakuna hata mmoja aliyejitoa.

Tunafahamu kwamba Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na tunaiunga mkono kwa dhati. Lakini bima ni ya kuchangia, na mzee anayeishi kwa kutumiwa na watoto hachangii kwa moyo mwema peke yake. Hatuombi fedha mkononi. Tunaomba michango ya mwaka mmoja ya wazee 23 na wenza wao ilipwe moja kwa moja kunakohusika. Mwaka wa pili tutajitahidi wenyewe kwa ada za darasa letu la dramu.

Tunaomba pia, kwa unyenyekevu, usituambie kwamba ombi limepokelewa na litafanyiwa kazi. Tumeshaambiwa. Tutajie leo ofisa wa kumwona na tarehe ya kumwona, nami nitaandika. Kama haiwezekani, tuambie haiwezekani. Tutakuheshimu vilevile, na kesho asubuhi tutabisha mlango mwingine tungali 23.

Orodha mpya, pamoja na picha, iko kwenye bahasha ya kaki iliyo mezani mbele yako.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama